Chetezo cha Mama Nilikipata Bungoma

Wazee wetu walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami, baada ya safari yangu ya majuzi, nimeona kuwa kuna na chema kingine kisichojiuza wala kisichojitembeza. Hicho hukaa kimya juu ya gunia, chini ya mwavuli, kikamngoja mwenye haja nacho.

Haja yangu mimi ilikuwa chetezo.

Mama yangu, aliyeko Mombasa mtaa wa Kibokoni, ni mtu mzima sana, na macho yake yamepungua hata hatambui rangi. Lakini pua yake ni nzima. Ukiingia chumbani mwake, kabla hujatoa salamu, yeye hukwambia utokako: kama ni sokoni kwenye samaki, au ni arusini, au ni kwenye gari bovu la petroli. Kwa miaka mingi alikuwa na chetezo cha udongo alichopewa siku ya arusi yake. Mwezi wa Shaabani kilimponyoka mkononi, kikavunjika vipande vitatu. Tangu siku hiyo akawa anachoma udi wake ndani ya kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari.

Sisi watoto tulimnunulia chetezo cha umeme, cha rangi ya dhahabu, kilichotengenezwa Uchina. Akakitumia siku mbili tu. Siku ya tatu alijikwaa kwenye waya wake, nusura aanguke, akasema tukiondoe. "Huu moto gani usiokuwa na makaa?" akauliza. Akarudia kopo lake.

Basi ndugu yangu mdogo alipohamishiwa kazi Kitale, na wifi yangu akajifungua huko, ilinipasa kwenda kumkalia mpaka arobaini yake. Mama akanituma mambo mawili. La kwanza: "Nasikia siku hizi sandali yatoka bara. Niletee kipande, hata kama ni kidogo." La pili: "Na ukimwona mfinyanzi, mwambie anifinyangie chetezo. Bara hawakosi udongo."

Nikaitika, nikafunga safari.

NJIA YA WAZEE WETU

Msomaji wa pwani akisikia Kitale hufikiri mahindi, na hakosei. Huo ndio mji wa mbegu na maghala, ulio juu kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za shuka mbili na sweta. Reli ilifika huko mwaka 1926, na walowezi wa Kizungu wakaufanya mji wa mashamba yao.

Lakini watu wetu walipita pande hizo kabla ya reli. Misafara ya Mombasa na Pangani ilikuwa ikizunguka Mlima Elgon kutafuta pembe za ndovu. Mwaka 1883, Mskoti Joseph Thomson alipofika Kwa Sundu, mahali tupaitapo leo Mumias, alikuwa amefuatana na tajiri wa Pangani, Jumbe Kimameta. Ni kwa njia hiyo ya biashara Uislamu ulipoingia magharibi ya Kenya.

Misafara hiyo ilibeba shanga, nguo za merikani na masango ya shaba. Na wenye kubeba walipaswa kujua mapambo ya kila nchi, kwani shanga ya rangi isiyopendwa haikununua hata yai. Wakirudi walirudi na pembe na, tusifiche, na watu pia. Mpaka leo mwenyeji wa Kitale atakuonyesha duara la mawe ambalo simulizi za mji zasema watumwa walifungiwa humo. Nilisimama hapo kitambo, nikaona haya kidogo, nikaendelea na njia yangu.

Atakaye kujua zaidi na aende kwenye Makumbusho ya Kitale. Yalianza na mkusanyo wa Luteni Kanali Stoneham, na jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1974, likawa makumbusho ya kwanza ya Kenya yaliyo mbali na pwani na Nairobi. Mimi nilikwenda mapema, kabla ya kutoa senti moja sokoni, na ninawashauri wengine wafanye hivyo. Ukiona kitu cha zamani kilichofanywa kwa mkono wa ustadi, jicho lako hupata kipimo. Ukiingia sokoni huwezi kudanganywa kwa urahisi.

KIBUYU CHENYE RIHA

Maduka ya Kitale hayakunishangaza. Marashi niliyoyakuta ni yale yale ya Dubai tunayouziwa Mombasa, yakiwa yamezungukia Eastleigh na kupandishwa bei njiani. Nilikuta chetezo cha umeme pacha wa kile cha mama. Nikacheka peke yangu, mwenye duka asijue nachekea nini.

Kwenye mitumba nilikuwa na bahati zaidi. Nilipata mkoba wa ngozi, mweusi, mshono wake wa mkono na kifungo chake cha shaba, kwa shilingi 500. Mwuzaji alikuwa ameutupa chini ya rundo kwa sababu bitana yake imechanika. Bitana hushonwa, ngozi nzuri haishoneki. Mwenye kununua mitumba aangalie ndani ya kitu kabla ya nje yake, na anuse pia, maana ngozi ya kweli ina harufu yake na plastiki ina yake.

Lakini kilichonisimamisha kabisa kilikuwa kibuyu. Upande mmoja wa soko walikuwa wameketi kina mama wa Kipokot walioteremka kutoka upande wa Kapenguria. Mbele yao walipanga shanga, asali katika chupa, na vibuyu virefu vyekundu vyenye mikanda ya ngozi na vifuniko vilivyopambwa kwa simbi. Simbi! Kauri za baharini, zilizopanda mlima mpaka huko. Nikaona kama nimekutana na jamaa.

Nikachukua kimoja, nikakifungua, nikanusa. Kilinukia moshi, lakini si moshi wa jikoni. Ulikuwa moshi mtamu, mkavu, wa mti. Nikamwuliza yule mama ni harufu ya nini. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na Kipokot changu hakipo kabisa, lakini binti yake akatufasiria. Kibuyu husafishwa na kukaushwa. Kisha huchukuliwa kijinga cha moto cha mti maalumu, kikasagwa ndani kwa ufito uliochanwa ncha kama mswaki, mpaka ukuta wa ndani ukapakaa masizi. Maziwa yakitiwa humo hukaa siku nyingi yasiharibike, na hupata ladha. Wapokot wana mti wao wauitao cromwo, ambao majivu yake huchanganywa na maziwa yaliyoganda mpaka yakawa ya rangi ya kijivu. Na kila mama ana mkono wake katika kazi hiyo.

Hapo nikakumbuka nyumbani kwetu. Nilipokuwa mtoto, mtungi wa maji ya kunywa ulikuwa hautiwi maji mpaka ufukizwe ubani kwanza. Mtungi uligeuzwa kifudifudi juu ya chetezo, ukaachwa ukanywa moshi, kisha ndipo maji yakamiminwa. Mgeni akipewa kata ya maji yale alikuwa akimshukuru Mungu kabla hajamaliza kunywa. Leo maji yako ndani ya friji, katika chupa ya soda, na hayanukii kitu. Nani angalinambia kwamba desturi niliyoiacha Kibokoni nitaikuta mgongoni mwa Mlima Elgon, kwa watu wafugao ng'ombe, wao wakifukizia maziwa na sisi maji?

Nilikinunua kwa shilingi 600 bila ya kupatana sana. Yule mama akanitia na ushanga mmoja mkononi, akakataa kulipwa.

SANDALI NILIYOIACHA

Sasa nisimulie kitu nilichokipata nisikinunue, kwani hicho nacho ni sehemu ya safari.

Siku moja nikitoka dukani, kijana mmoja aliniita pembeni. "Mama, wewe ni mtu wa pwani. Unataka sandali? Iko safi." Akafunua mdomo wa gunia. Ndani mlikuwa na vipande vya mizizi na mashina, vyekundu kwa kahawia, vizito. Alikwangua kimoja kwa kisu, akanipa ninuse. Wallahi, ilikuwa riha tamu. Na bei aliyotaja ilikuwa ya chini hata nikashuku sikio langu.

Nikamwona mama akilini, akikishika kipande kile na kukipeleka puani. Mkono wangu ulikuwa tayari umeingia mkobani.

Lakini ile mizizi ilinikatisha. Sandali ya Kihindi, iliyojulikana zamani kwa jina la Mysore, hutoka katika mti mwingine. Huu wa kwetu Afrika Mashariki wataalamu huuita Osyris lanceolata. Ni mti mdogo wa nchi kavu na miamba, unaokua polepole, na mizizi yake hujishikiza katika mizizi ya jirani zake kupata chakula. Mafuta yake yamo ndani ya shina na mizizi. Kwa hiyo mwenye kutaka mafuta haukati tawi akauacha uchipuke. Huung'oa mzima. Akiondoka huacha shimo.

Ndiyo sababu mwaka 2007 ilitolewa amri ya Rais kupiga marufuku uvunaji wake nchini Kenya, na mwaka 2013 mti huo ukaingizwa katika mkataba wa mataifa wa kulinda viumbe, ule uitwao CITES. Hata hivyo malori yameendelea kukamatwa mara kwa mara yakiwa na shehena zake, kutoka Pokot, Samburu na kwingineko.

Nikamwambia yule kijana, "Mwanangu, hii imekatazwa." Hakukana. Akasema, "Mama, hata usiponunua wewe kipande kimoja, lori litanunua gunia lote."

Sikuwa na jibu la kumshinda. Alikuwa na njaa yake, na maneno yake yalikuwa ya kweli. Lakini nilijiuliza: mama yangu hufukiza udi kabla ya sala ya Ijumaa. Nitampelekea mali ya magendo aisalie? Nikatoa mkono mkobani ukiwa mtupu, nikaenda zangu. Usiku ule sikulala vyema, maana nilikuwa nimevunja nusu ya ahadi.

Wala tusijione wema sisi wanunuzi wa udi wa madukani. Udi wenyewe hutoka katika mti wa Asia ambao utomvu wake wenye riha haupatikani ila mti uumie na kuingiwa na ukungu, na miti yote ya aina hiyo imo katika mkataba huo huo tangu mwaka 2005. Ubani ni afadhali, kwani ukigemwa kwa adabu mti hubaki hai, na hupatikana Somalia, Omani, na hata huku kwetu kaskazini ya Kenya.

MFINYANZI WA BUNGOMA

Wifi yangu alipopata nguvu, nilipanda matatu nikateremka Bungoma, kwa njia ya Kiminini, Kamukuywa na Misikhu. Ukiiacha Kitale joto huanza kurudi mwilini, na mashamba ya miwa huanza kujitokeza. Niliambiwa kama nataka vitu vya mkono, nisiende mjini kwanza, niende gulio la Chwele. Nami nikafuata.

Chwele ni soko la kweli. Kuna ndizi, vitunguu, kuku, ng'ombe, nguo, na makelele ya kila mtu kumwita mwenziwe. Upande wa vyungu nilimkuta bibi kizee, amejifunga leso kichwani, vyungu vyake vimepangwa kwa ukubwa kama watoto wa shule. Nikamsalimu "Kukhu", yaani bibi, kama nilivyofundishwa ndani ya matatu, akafurahi.

Hakuwa na chetezo. Wala hakupata kukisikia. Nikachukua kijiti nikamchorea mavumbini: mguu hapa, kiuno hapa, juu bakuli la kutilia makaa, na matundu ya hewa. Akatazama sana. Kisha akaniuliza swali ambalo sikutazamia: "Mnapika nini humo?"

"Hatupiki, Kukhu. Tunachoma riha."

"Kwa nini?"

Nikamweleza: mgeni akija, mtoto akizaliwa, bibi arusi akitolewa, maiti akioshwa. Akatikisa kichwa taratibu. Akasema, "Basi kinapaswa kuwa kizito chini, kisianguke." Nilipigwa na mshangao. Sikuwa nimemwambia habari za mama.

Alitaka gulio tatu zipite. Chungu hakifanywi kwa haraka. Udongo hupondwa, ukafinyangwa, kikaachwa kivulini kikakauka, na mvua ikinyesha hukawia zaidi. Kikitiwa motoni na unyevu ndani, hupasuka. Wala hakuna tanuri. Vyungu hupangwa wazi, vikafunikwa kwa kuni na majani, na mfinyanzi hukaa kando akiwa na dua yake.

Nilipokuwa nikingoja, sikukaa bure. Nilinunua ungo wa matete kwa shilingi 300, mwepesi, umesukwa karibu karibu hata mchele wa pishori haupiti. Nilinunua kikapu cha sokoni chenye mshikio mpana usiokata kiganja. Na kwa fundi wa chuma nilikuta njuga ambazo Wabukusu huziita chinyimba. Kwao hutahiri wavulana mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na mvulana huzunguka kwa jamaa zake kuwaalika akizigonga njuga hizo juu ya bangili za chuma alizovaa mikononi. Nilimnunulia mtoto mkubwa wa ndugu yangu jozi moja. Alizigonga nyumba nzima kuanzia alfajiri, na wifi yangu hakusema nami vizuri kwa siku tatu.

Siku ya ahadi nilirudi Chwele. Bibi alikuwa amefanya vyetezo vitatu. Kimoja kilipasuka motoni, naye hakukificha, alinionyesha. Viwili vilisalimika. Havikuwa laini kama vya dukani, na kimoja kilikuwa kimeinama kidogo upande. Nikagonga kwa kifundo cha kidole, vikalia kama kengele. Nikampa shilingi 700 kwa viwili, naye akanirudishia hamsini ya nauli. Nikamwuliza nani anajifunza kazi hii kwake. Akasema wajukuu wanataka sufuria.

KWA ATAKAYE KWENDA

Msomaji atakayefika huko namwusia haya. Chungu kigonge kwanza. Kikilia butu kina ufa. Siku ya kwanza kitie makaa machache tu, kizoee moto. Kibuyu kinuse ndani, na ukiona kina dawa ya rangi kiache. Ukipatana bei, usipatane mpaka mwenzio akaona haya, kwani ukiona vyaelea, vimeundwa. Na ukiitwa pembeni kuonyeshwa gunia la sandali, sema la, hata kama mkono umeshaingia mkobani.

Nilirudi Mombasa na vyetezo vyangu nimevipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Mama alianza kuuliza sandali.

"Hukuipata?"

"Niliipata, mama. Sikuinunua." Nikamweleza habari ya mti, mizizi na shimo.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Mti mzima kwa kipande changu mimi?"

"Mzima."

"Basi na ubaki huko. Hapa ubani upo."

Nikamtia kibuyu mkononi. Akakipapasa, akazihesabu simbi kwa kidole, akafungua kifuniko, akanusa. Akanusa tena. "Hiki kimefukizwa," akasema. "Kumbe na wao wanajua?"

Kisha akapokea chetezo. Alikipima uzito, akakibonyeza huku na huku. Hakikuanguka. Siku ile tulichoma ubani wa Kisomali, na harufu ya kwanza iliyotoka haikuwa ya ubani. Ilikuwa ya udongo mpya ukipata joto, kama mvua ya kwanza ya masika. Mama akacheka kama msichana.

Kile chetezo cha pili, kilichoinama, nimekiweka kwangu. Na lile kopo la maziwa liko dirishani kwa mama, limetiwa mchanga, limepandwa rihani.